George Grenfell, fundi wa meli aliyechora njia ya Mto Kongo na kuzikwa Basoko

Meli au balenieri inayoondoka bandari ya Kisangani kwenda Kinshasa ina safari ya kilometa 1734 mbele yake. Katika safari hiyo nahodha anapita visiwa visivyohesabika, mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na sehemu ambazo mto unapanuka mpaka ukingo wa pili hauonekani. Leo kazi ya kuweka alama na kuchora ramani za njia hiyo iko mikononi mwa shirika la taifa la njia za mito, RVF, na wakaaji wa Tshopo wanajua vizuri yanayotokea pale alama zinapokosekana.

Mmoja wa watu wa kwanza kuipima njia hiyo kwa vyombo, kona kwa kona, alikuwa Mwingereza mwenye jicho moja lililo zima. Alijifunza kazi katika duka la vyuma na mashine, akawa mchungaji wa Kibatisti, na akafa Basoko tarehe 1 Julai 1906. Jina lake ni George Grenfell. Hapa kwetu anakumbukwa hasa na Wakristo wa Yakusu na Yalemba, ingawa maisha yake yanamhusu kila anayeishi kando ya mto huu. Yanahusu pia swali ambalo halijazeeka: mtu mwenye ujuzi afanye nini anapogundua kwamba kazi yake imewafungulia wengine mlango wa kunyanyasa raia?

Mtoto wa Cornwall, kijana wa Birmingham

Grenfell alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 huko Sancreed, karibu na mji wa Penzance, katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Alipokuwa bado mdogo wazazi wake walihamia Birmingham, mji wa viwanda vya vyuma. Alipomaliza shule aliingia kujifunza kazi kwenye kampuni iliyouza vyuma na mashine. Huko alizoea spana, misumari, boila na vipuri, mambo ambayo baadaye yangeokoa kazi ya watu wengi. Mapema maishani alipoteza uwezo wa kuona wa jicho moja.

Wazazi wake walikuwa Waanglikana, lakini yeye alibatizwa katika kanisa la Kibatisti mwaka wa 1864, akiwa na umri wa miaka 15. Alisoma habari za safari za Livingstone, na Afrika ikamkaa moyoni. Mwaka wa 1873 aliingia chuo cha wachungaji cha Bristol, na mwaka uliofuata shirika la wamisionari wa Kibatisti, BMS, likamkubali kwa kazi ya Kameruni. Alifika huko mwanzoni mwa 1875 pamoja na mzee Alfred Saker.

Kameruni ilimpa mafunzo na pia msiba. Mke wake wa kwanza, Mary Hawkes, alifariki Januari 1877, kabla hata ya kutimiza mwaka mmoja wa ndoa. Mwaka huohuo Henry Morton Stanley alifika baharini baada ya kuufuata Mto Kongo kutoka Maniema, akipita maporomoko yetu ya Wagenia. Hata kabla habari hiyo haijafika Ulaya, tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alikuwa ameahidi kuwapa Wabatisti fedha za kuanza kazi kando ya mto huo. Mwaka wa 1878 Grenfell na mwenzake Thomas Comber walitumwa kuangalia njia.

Mwaka huohuo akajikuta katika tatizo lililokaribia kuimaliza kazi yake. Alikuwa na uhusiano na Rose Patience Edgerley, mwanamke mwenye asili ya Jamaika aliyefanya kazi nyumbani kwake, na mwanamke huyo akawa na mimba. Grenfell alijiuzulu. Hakumkimbia Rose: walifunga ndoa, na Rose akawa mwenzake wa safari na wa kazi hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka wa 1880 shirika lilimrudisha, kwa sababu watu waliojua kupanga mizigo, kutengeneza mashine na kuvumilia homa walikuwa wachache.

Meli iliyobebwa kichwani

Kutoka baharini hadi Pool Malebo, mto una maporomoko ambayo hakuna meli inayoweza kuyapanda. Reli ya Matadi haikuwepo bado. Ingekamilika mwaka wa 1898. Aliyetaka kuwa na meli Kongo ya juu alipaswa kuifanya vipande, kila kipande kiwe mzigo wa mtu mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa meli Peace, yaani Amani. Arthington alitoa fedha, na karakana ya Thornycroft kando ya Mto Thames ikaijenga kwa chuma mwaka wa 1882, Grenfell mwenyewe akisimamia. Ilikuwa na urefu wa mita 21 hivi na injini ya mvuke inayozungusha mapangaboi mawili. Sehemu yake ya chini ilihitaji maji ya kina kidogo sana, kama sentimita 30 ikiwa haina mzigo. Tumbo lake liligawanywa vyumba vilivyofungwa ili tundu moja lisiizamishe yote. Baada ya majaribio ilifunguliwa, ikafungwa katika mizigo kama 800, ikapelekwa Kongo.

Kutoka upande wa Matadi mizigo hiyo ilipanda vilima juu ya vichwa na mabega ya wapagazi Waafrika, kwa mamia ya kilometa. Majina yao hayakuandikwa, ingawa bila wao hakuna meli.

Kisha wakaja mafundi wa kuiunganisha. Wa kwanza alikufa kwa homa. Wengine wawili waliotumwa nao wakafa. Katika miaka ile homa ya malaria iliwaua Wazungu wengi kabla hata hawajafungua masanduku yao. Grenfell alibaki na mamia ya vipande vya chuma vilivyolala chini na hakuna mhandisi. Aliamua kufanya kazi hiyo mwenyewe, pamoja na vijana Waafrika aliowafundisha kupiga ribiti na kufunga boila. Juni 1884 Peace ilielea kwenye Pool Malebo.

Kupima mto kwa jicho moja

Kati ya 1884 na 1886 Grenfell alifanya safari zilizobadilisha ramani ya Afrika ya kati. Mchana alisimama na dira, saa na daftari, akiandika kila kona, kila kisiwa na kina cha maji. Jioni meli ilifunga ukingoni, mabaharia wakaenda kukata kuni za boila kwa siku inayofuata, naye akapima jua au nyota ili kujua mahali walipo. Katika safari kubwa iliyoanza Oktoba 1884 mke wake Rose na mtoto wao mdogo walikuwa ndani ya meli. Wenyeji wengi wa kandokando, walipomwona mama na mtoto, walielewa kwamba chombo hicho hakikuja kwa vita.

Aliingia Mto Ubangi na kuupanda hadi kwenye maporomoko yaliyo karibu na Zongo ya leo, inayotazamana na Bangui. Wakati huo Wazungu hawakujua kwamba Ubangi ni mto mkubwa kiasi hicho. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1887, mto huo ulifanywa mpaka kati ya Dola Huru ya Kongo na maeneo ya Ufaransa, na mpaka huo uko mpaka leo. Alipita pia Kasai, Kwango, Lulonga, Tshuapa na Itimbiri.

Mwishoni mwa Disemba 1884 alifika hapa kwetu, Stanley Falls. Mwaka mmoja kabla yake Stanley alikuwa ameacha hapa kituo kidogo chini ya fundi wa meli Mskoti aitwaye Binnie, akiwa na askari wachache. Alichokikuta Grenfell kilikuwa cha kusikitisha. Kati ya Aruwimi na maporomoko, watu wa Tippu Tip walikuwa wamepita wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Alihesabu kijiji baada ya kijiji kilichochomwa, na akaona wakaaji wakikimbia mtoni kwa mitumbwi pamoja na watoto wao na vitu vichache walivyookoa. Picha hiyo haikumtoka tena kichwani, na ndiyo inayosaidia kuelewa uamuzi wake uliofuata.

Mwaka wa 1887 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali yake ya dhahabu kwa kazi ya ramani.

Imani kwa Leopold

Grenfell aliamini kwamba Serikali yoyote yenye sheria ingekuwa bora kuliko biashara ya watumwa. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliahidi mbele ya mataifa kumaliza utumwa, na Grenfell, aliyekuwa amevuta moshi wa vijiji vya Tshopo, alitaka kumwamini. Hakuwa peke yake katika kosa hilo.

Dalili za kwanza zilikuja mapema. Mwaka wa 1887 Stanley aliwabana wamisionari wampe Peace ili imsaidie kupeleka watu wake Yambuya, kwenye Mto Aruwimi, katika safari yake ya kumwokoa Emin Pasha. Mwaka wa 1890 Dola yenyewe iliikamata meli hiyo kwa matumizi yake. Grenfell alipeleka malalamiko Ulaya na meli ikarudishwa. Hata hivyo mwaka wa 1891 alikubali kazi kubwa kutoka kwa mfalme: kuwa mjumbe wa Dola katika kuweka mpaka wa Lunda na Wareno. Kazi hiyo ilichukua hadi 1893. Sehemu ya mpaka wetu na Angola upande wa Kwango inatokana na vipimo vya tume hiyo. Alipewa nishani ya Leopold na heshima nyingine.

Wakati huohuo mito aliyoipima ilikuwa imejaa meli za Dola na za makampuni. Zilipanda na askari na kushuka na pembe za ndovu na mpira wa porini. Mwaka wa 1896, makelele yalipoanza kusikika Ulaya kuhusu mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira, Leopold aliunda Tume ya Kulinda Wenyeji. Ilikuwa na wamisionari sita, watatu Wakatoliki na watatu Waprotestanti, Grenfell akiwa mmoja wao.

Kwenye karatasi tume hiyo ilionekana vizuri. Katika kazi haikuweza lolote. Wajumbe wake waliishi mbalimbali, siku nyingi za safari kati yao, na vituo vyao vilikuwa mbali na maeneo ya mpira ambako maovu yalifanyika. Haikuwa na uwezo wa kumfikisha mtu mahakamani. Ilikutana mara chache tu, kisha ikanyamaza. Wakati huo mfalme aliweza kuwaambia wakosoaji wake kwamba wamisionari wanaoheshimiwa wanailinda haki ya Wakongo.

Hapa ndipo historia inapomhukumu Grenfell kwa ukali zaidi. Wenzake wengine wa Kiprotestanti walipaza sauti mapema. Yeye alikawia. Alipoona uovu alimlaumu ofisa aliyeutenda, akiamini kwamba walio juu wakijua watarekebisha. Alihofia pia kwamba kugombana na Serikali kungefunga milango ya vituo vipya alivyokuwa akiomba upande wa mashariki. Hofu hiyo inaeleweka, lakini wakaaji wa mito ya mpira walilipa gharama ya kimya hicho.

Yakusu, Yalemba na Disasi Makulo

Tangu 1888 makao ya Grenfell yalikuwa Bolobo. Kutoka hapo alisukuma mlolongo wa vituo kuelekea juu ya mto. Katikati ya miaka ya 1890 Wabatisti walianza kazi Yakusu, kwenye ukingo wa kulia, chini kidogo ya Kisangani, katikati ya Walokele, watu wa mtumbwi na soko. Padri Gabriel Grison alifika baadaye kidogo, mwaka wa 1897, kufungua misheni ya Kikatoliki ya Saint-Gabriel. Yakusu ilikua ikawa na shule, kiwanda cha kuchapa vitabu na hospitali. Kuanzia 1920 daktari Clement Chesterman alipambana hapo na ugonjwa wa malale na kufundisha wauguzi Wakongo waliopelekwa katika zahanati za vijijini. Grenfell hakuiona hospitali hiyo, lakini kituo ilipojengwa ni cha mlolongo wake.

Ndoto yake ilikuwa kuunganisha vituo vya Kongo na vile vya Waanglikana wa Uganda. Kwa ajili hiyo aliupanda Mto Aruwimi na kuufuata Ituri, na mwaka wa 1902 alifika Mawambi, ndani kabisa ya msitu. Mwaka huohuo jarida la shirika lile la jiografia lilichapisha maelezo yake juu ya Kongo ya juu kama njia ya maji.

Kwa miaka mingi Dola ilimnyima viwanja vya kujenga, huku ikiwapa Wakatoliki bila shida. Mwishowe alipata nafasi Yalemba, kilometa 24 hivi mashariki ya mahali Aruwimi inapoingia Mto Kongo. Kazi ya Yalemba ina jina la mtoto wa eneo hili: Disasi Makulo. Alizaliwa upande huu wa Basoko karibu mwaka wa 1871, akatekwa na watu wa Tippu Tip akiwa bado mtoto, akakombolewa na Stanley mwaka wa 1883 na hatimaye akalelewa na Grenfell. Alisafiri naye ndani ya Peace, akajifunza kusoma na kuandika, akawa mhubiri, akarudi kwa watu wake kuwafundisha. Mwanae Makulo Akambu aliandika simulizi ya maisha ya baba yake, nayo ikachapishwa Kinshasa mwaka wa 1983. Kwa kuwa kitabu hicho kipo, historia ya miaka ile haikuandikwa na Wazungu peke yao.

Macho yanafunguka

Grenfell alikuwa amezika watoto wengine kabla, lakini kifo cha binti yake Patience, aliyekuwa akifundisha shule Bolobo, kilimuumiza sana. Alifariki mwaka wa 1899 kwa homa ileile ya mkojo mweusi ambayo ingemchukua baba yake.

Katika miaka iliyofuata imani yake kwa Dola ilivunjika. Habari kutoka kwa wenzake na mambo aliyoyaona mwenyewe zilionyesha kwamba ukatili ulitoka kwenye mfumo wenyewe: kodi ya mpira, askari wanaoilinda, na faida ya mfalme. Aliachana na tume ile isiyo na nguvu. Ripoti ya balozi wa Uingereza Roger Casement ilitoka mwaka wa 1904, na Leopold akalazimika kutuma tume ya uchunguzi. Taarifa ya tume hiyo, iliyotolewa mwishoni mwa 1905, ilithibitisha maovu mengi, lakini hatua zilizofuata hazikumridhisha Grenfell. Mtu aliyepewa nishani na mfalme alimaliza maisha yake bila imani naye.

Siku za mwisho Basoko

Mwaka wa 1906 alikuwa Yalemba akijenga. Juni homa ya mkojo mweusi ilimshika. Hapakuwa na mmisionari mwingine Mzungu karibu naye. Vijana wake Waafrika walimhudumia na kumfikisha Basoko, na mmoja wao, Baluti, ndiye aliyeandika habari za siku zake za mwisho. Alifariki tarehe 1 Julai 1906, akiwa na umri wa miaka 56. Dola Huru ilihesabu miaka yake kuanzia tarehe 1 Julai 1885. Aliyeitumikia na kuiamini alikufa siku ilipotimiza miaka 21. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1908, Leopold alinyang'anywa Kongo na Ubelgiji ikaichukua kama koloni. Grenfell alizikwa hukohuko Basoko.

Ni rahisi kumfanya Grenfell shujaa, na ni rahisi pia kumtupa pamoja na wote waliokula meza moja na Leopold. Maisha yake hayakubali lolote kati ya hayo. Alikuwa fundi hodari aliyejenga meli pale mafundi watatu walipokufa, aliyefundisha vijana kazi ya mikono, na aliyeacha vituo ambavyo wajukuu wa Walokele na Waturumbu walisomea na kutibiwa. Alikuwa pia mtu mwema aliyetoa jina lake kwa tume iliyofunika maovu, akagundua hilo akiwa amechelewa.

Kwa wahandisi, wapimaji na wataalamu vijana wanaotoka leo katika vyuo vya Kisangani, sehemu hii ya pili ina faida kama ile ya kwanza. Ramani, barabara, daraja au bandari humtumikia yeyote mwenye nguvu ya kuitumia. Anayeichora ana wajibu wa kuuliza mapema nani atapita hapo, amebeba nini, na raia wa kandokando watabaki na nini. Grenfell alipima kina cha mto kwa uangalifu mkubwa. Ilimchukua karibu miaka ishirini kupima kina cha ahadi za mfalme.